Spoku Haitaingia Kinywani Mwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenileta duniani nikiwa na fizi tupu, akanipa meno nikatafunia miwa ya Ujiji na mahindi ya Kasulu, na sasa anayachukua moja moja kwa wakati aupendao Yeye, wala silalamiki. Kila jino lililowahi kukaa kinywani mwa binadamu limewekwa na Yeye. Nayatanguliza haya kwa sababu ninayotaka kuyasimulia ni mambo ya meno, na ya watu walioniambia usoni kwamba yapo meno mengine ambayo Mungu hakuyaweka.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati malori ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Mtabila yalipokuwa yanapita Kasulu mjini kutwa nzima na kututimulia vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Tuliishi nyuma ya duka la mume wangu. Aliuza kanga, sabuni, misumari, mafuta ya taa na rangi za mabati na milango. Mimi mchana niliwafundisha wanawake na wasichana kusoma Kurani kwenye baraza la uani, kwa hiyo wengi waliniita Mwalimu, ingawa chaki sijawahi kuishika.

Binti yetu alikuwa mwalimu kweli. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alipangiwa shule ya mbali huko Kibondo, mahali ambapo hapakuwa na nyumba ya mwalimu, akawa analala chumba kimoja na wenzake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yuko Kigoma, kesho hajulikani. Akaniletea mtoto wake wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, akasema, "Mama, nikipata nyumba nitamchukua. Mpaka hapo yuko mikononi mwako." Nikampokea. Aliyeachiwa amana ataulizwa juu yake. Hilo nimefundishwa nikiwa mdogo na nimelifundisha hadi leo.

Tatizo lilikuwa mgongo wangu. Nilikuwa nimeanguka kisimani na ndoo, na tangu siku ile kumbeba mtoto mgongoni kuliniumiza hata nisiweze kusujudu. Kumweka chini nako hakukuwezekana. Jiko lilikuwa pale pale uani, siafu walipita watakavyo, na duka lilijaa misumari.

Ndipo mume wangu akanunua kitanda. Kilikuwa kimetengenezwa na fundi seremala mmoja kwa ajili ya wageni fulani wa mashirika yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi. Wageni wale wakahamishwa kabla ya kukichukua, kikabaki kibandani kwa fundi kinakusanya pumba za mbao. Kilikuwa na vijiti vilivyosimama pande zote nne, na juu yake ubao mrefu uliozunguka, ili mtoto asimame ashike asianguke. Vijiti vilikuwa vimeachana mno. Nilimwambia fundi aongeze vingine katikati, kichwa cha mtoto kisije kikapenya. Akaongeza. Mume wangu, kwa furaha ya kuwa babu, akakipaka rangi ya buluu kutoka dukani kwake.

Wanafunzi wangu walipokiona hawakusoma siku hiyo.

"Mwalimu, umemfunga mjukuu wako! Kosa lake nini?"

"Amekula mtaji wa duka," nikajibu.

"Sisi kwetu wanaowekwa humo ni kuku."

"Na kuku wako wanalala salama?"

"Wanalala, Mwalimu."

"Basi na huyu atalala. Fungua msahafu."

Walicheka, na mitaani wakasema kwamba bibi wa dukani ameweka mjukuu kizimbani. Niliwasikia. Nilikuwa na mgongo mbovu na amana ya mtu. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu.

Kisha meno yakaanza kuja. Mtoto alipojua kusimama, alishika ule ubao wa juu kwa mikono miwili akauguguna kama panya wa ghalani. Mate yalimtiririka hadi kifuani. Siku moja nilikuwa namsikiliza msichana akisoma, nikageuka, nikaona midomo ya mjukuu wangu imekuwa ya buluu. Niliruka kama sina mgongo. Nilidhani pumzi imekatika. Nilipomwinua akanicheka, na kwenye ulimi wake kulikuwa na magamba madogo ya rangi.

Nikamwita mume wangu.

"Rangi ile ni nzuri," akasema. "Ndiyo niliyopaka mlango wa mbele, huu mwaka wa ngapi."

"Mlango hauna tumbo, baba."

Akaenda dukani, akarudi na msasa.

Sikujua, na siwezi kudai kwamba nilijua, rangi ile ilikuwa na nini ndani yake. Nilijua tu kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mlango si chakula. Tulikitoa kitanda uani, tukakilowesha ili vumbi lisiruke, tukakwangua kwa vipande vya chupa kama mafundi wanavyofanya, mimi na wanafunzi wawili wenye mikono imara. Yale magamba tuliyakusanya kwenye gazeti tukayafukia mbali na kisima. Buluu ikabaki kwenye pembe za chini tu, mahali ambapo hata kipande cha chupa hakifiki, sembuse meno ya mtoto.

Sasa ubao ukawa mtupu, na ubao mtupu una vibanzi. Nikaupiga msasa hadi ukawa laini kama shavu. Kisha nikafikiri: niupake kitu kinacholiwa. Nikaupaka mawese. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wameshajipanga kutoka ukutani hadi kitandani, msafara mzima, na mtoto anawatazama kwa hamu kubwa. Nikausugua ubao kwa maji ya moto na sabuni na sikuyataja mawese tena.

Ndipo nikamwendea fundi cherehani aliyekaa barazani kwetu. Nilimpa kitambaa cha merikani, nikamwonyesha upana wa ubao. Akashona vifuko virefu vya kuuvalisha, seti mbili, ili moja ichemshwe wakati nyingine iko kazini, vikiwa na kamba za kufungia kwa nje na chini, mkono wa mtoto usipofika.

"Mama," akaniambia akiwa na pini mdomoni, "nimeshona sare za shule, nimeshona mapazia ya msikiti. Kitanda kukivalisha suruali, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Shona vizuri basi, kisije kikatembea uchi."

Na kwa ajili ya fizi zenyewe nilichovya kitambaa safi kwenye maji ya mtungi yaliyochemshwa na kupoa, nikakipiga fundo, nikakishika mimi mwenyewe huku yeye anatafuna. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri huku kwetu milimani. Nikichoka nilinawa mikono nikampa kidole changu kidogo. Aliking'ata, akanitazama machoni kuona kama nitalia. Tuliishi hivyo kwa amani, na meno mawili ya chini yakatoka bila fujo.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, mtoto akaanza kuharisha. Nilimpeleka hospitali asubuhi ile ile. Walimpima, wakanipa paketi za chumvichumvi za kuchanganya na maji safi, wakaniambia nimpe kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kuacha, na kama atakataa kunywa au akilegea nimrudishe haraka. Nilipouliza sababu, yule muuguzi akasema huenda ni maji, huenda ni mkono mchafu, hakuna anayeweza kujua. Nikampa kondakta wa basi ujumbe wa mdomo ampelekee binti yangu Kibondo. Kisha nikakaa na kikombe na kijiko.

Kabla binti hajafika, akafika mkwe wangu kutoka Kitanga, yaani mama wa baba yake mtoto. Alikuwa mama mrefu, mwenye viganja vya mtu wa jembe, Mwislamu kama sisi na msemaji wa kweli. Nilimpenda, na bado namwombea. Aliingia na kikapu cha maharage kichwani, akasema, "Mwakeye!" kama Waha wanavyosalimiana asubuhi, nami nikaitikia. Alipoona kitanda kimevaa suruali akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamwinua mtoto, mkono wake ukagusa paji la uso, na kicheko kikakatika.

Akaubinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba. Fizi ilikuwa imevimba pande mbili, mahali yanapotokea machonge, na kwenye uvimbe kulikuwa na weupe.

"Mkwe," akasema polepole. "Meno ya plastiki haya."

Msomaji ambaye hakuishi kwetu miaka ile inabidi nimweleze. Maneno yalikuwa yameenea vilima vyote, Kasulu, Kibondo, hadi Kigoma mjini, kwamba kuna meno mapya ambayo babu zetu hawakuyajua, meno laini, meupe, yaliyokuja pamoja na ndoo na madumu ya plastiki. Walisema yanaota kwenye fizi za watoto wachanga, yanaleta homa na kuhara, na yasipochimbuliwa mtoto anakufa. Wakawapo watu wa kuyachimbua. Kifaa chao kilikuwa spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Wakimaliza, humwonyesha mama kitu kidogo cheupe kama punje ya mchele kiganjani, na mama hulia kwa shukrani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wanaoitwa kuosha maiti za wanawake na watoto. Nilishamwosha mtoto aliyechimbuliwa fizi. Kinywa chake nilikiziba kwa pamba, na pamba haikutosha. Sikuhitaji mtu wa kunihubiria. Nilipolisikia lile neno likitajwa juu ya mjukuu wangu, niliona pamba.

"Mkwe," nikasema, "hilo ni chonge. Linakuja. Weupe ule ni jino lenyewe."

"Chonge lina homa?"

"Kuhara kuna homa. Nimetoka hospitali naye. Hiki hapa kikombe."

Hakukitazama kikombe. Alikuwa ameinama kwenye kitanda, anapitisha ukucha kwenye pembe za chini. Akauinua ukucha juu. Ulikuwa na alama ya buluu.

"Nimeelewa," akasema. "Rangi! Mlimweka mtoto kwenye kizimba cha rangi, ameitafuna, imekwenda kuota kwenye fizi. Plastiki nyingine itoke wapi?"

"Rangi niliikwangua, mkwe."

"Kwa nini uliikwangua, kama haina neno?"

Nakiri swali lile lilikuwa zuri. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia viatu vyake.

"Niliikwangua kwa sababu ni rangi," nikasema. "Sikutaka iingie tumboni. Lakini rangi haioti. Ungepanda kopo zima shambani Kitanga lisingeota."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Nakukatalia."

Akanyooka na urefu wake wote. "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Wa Mungu."

"Na hapa duniani?"

"Hapa duniani ni wa mwanao na wa mwanangu. Na aliyeachiwa ni mimi."

"Ni wa ukoo wetu! Wewe ni bibi wa upande wa mama. Oya, hapana, mkwe, hili huliamui wewe."

Adhana ya adhuhuri ikatukuta hapo. Tukatia udhu kwa birika moja, nikatandika mikeka miwili sambamba, tukaswali bega kwa bega. Nyuma yetu mtoto alikuwa analalamika kwa sauti ya chini. Baada ya salamu nilimsikia mkwe wangu akiomba dua ndefu kwa Kiha, akirudia neno moja, mwana, mwana. Nilijua tunamwomba Mungu yule yule jambo lile lile. Alipomaliza alikunja mkeka wake vizuri, akanishika mkono kwa heshima, akasema:

"Naenda kumwita."

"Nenda," nikasema. "Utanikuta hapa hapa."

Mtoa meno alikuwa anapatikana karibu na soko, hakukawia. Alikuja amevaa shati safi, ana mkoba mdogo wa ngozi begani, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Laiti angekuwa na sura ya jambazi, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Nyuma yake walikuja majirani, na wanafunzi wangu, na fundi cherehani aliyeiacha cherehani yake ikiwa na nguo ya mtu.

Nilikuwa nimeweka kigoda changu kwenye mlango wa chumba cha mtoto, mlango mwembamba, nami si mwembamba. Kikombe kilikuwa mkononi. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, namnywesha.

Mume wangu akanisogelea. "Bi mkubwa, wakwe ni watu wa heshima. Labda tumsikilize tu..."

"Baba, wewe nenda kauze sabuni."

Watu wakacheka. Naye akaenda kweli, lakini alisimama nyuma ya pazia, niliona miguu yake.

Yule mtu akasema, "Mama, hukuniita wewe, ila nimekuja kusaidia."

"Karibu. Chai ipo jikoni. Mtoto hayupo."

"Mtoto si huyu hapa mapajani?"

"Huyu yuko kwa ajili ya watu wanaokuja kumsalimu. Kwa ajili ya spoku hayupo."

Akavumilia. Akachuchumaa mbele yangu, akatoa mkobani kitambaa kilichofungwa, akakifungua. Ndani mlikuwa na punje nyeupe, laini, nyingine zimekauka, nyingine mbichi bado. Watu wakainama kuangalia, wengine wakaguna kwa hofu.

"Haya yametoka kwa watoto," akasema. "Unaona? Si jino la mtu. Ni laini. Unaweza kulikata kwa ukucha."

Niliyatazama kwa muda mrefu. Nilitaka nikumbuke nilichokiona, na nakikumbuka.

"Na mhogo mchanga ni laini," nikasema. "Mtu akiingia shambani kwako akachimbua mihogo ambayo haijakomaa, akakuletea ile nyeupe nyembamba, akasema, mzee, nimekutolea ugonjwa shambani, utamlipa au utamfukuza? Haya yangekuwa meno. Umeyachimbua kabla Mungu hajayakausha. Wenyewe wangeyatafunia."

"Mama, asipotolewa atakufa. Lawama itakuwa yako."

"Lawama nimeshaichukua. Watu wote hawa wamesikia. Akifa, mje mniambie kwamba mimi ndiye niliyemuua, nami nitajibu mbele ya Mungu, si mbele yako. Lakini hatakufa na tundu kinywani."

Mkwe wangu akapiga ukelele kutoka nyuma. "Muone! Mkaidi kama punda!"

"Ndiyo, mkwe. Na punda habebeshwi na mtu aliyesimama nje ya zizi."

Yule mtu hakuondoka. Alibaki amechuchumaa, kitambaa kiganjani, kama anayejua kwamba wanawake huwa wanachoka. Mimi mgongo ulikuwa unawaka moto, lakini kuchoka mbele yake sikukubali.

"Fundi," nikamwambia, "kama mkono wako unawasha, mimi nina gego linaloniuma tangu Ramadhani. Anza na hili." Nikapanua kinywa changu chote mbele za watu.

Akatabasamu, masikini. "La kwako si la plastiki, mama."

"Umejuaje? Hujaligusa. La mtoto umelijua ukiwa barabarani!"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, na fundi cherehani ndiye aliyecheka kuliko wote. Yule mtu akakunja kitambaa chake, akakitia mkobani, akasimama. Nikamwagiza msichana mmoja ampe chai, kwa sababu nilimkaribisha na neno ni neno. Aliinywa amesimama, akaniaga vizuri, akaenda zake. Majirani wakatawanyika mmoja mmoja.

Mkwe wangu hakutawanyika. Alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa hasira.

"Akifa," akasema, "siji kwenye mazishi yako hata wewe."

"Basi usirudi Kitanga leo. Kaa hapa. Kama nimekosea, uone kwa macho yako mwenyewe, usisimuliwe." Nikamnyooshea kikombe. "Na shika hiki. Mkono wangu umekufa ganzi."

Nilidhani atakikataa. Akakitazama, akamtazama mtoto, akakichukua kama mtu anayechukua kitu kwa adui. Nikampa na mtoto. Akaanza kumpa, kijiko kwa kijiko, huku akisema nami kwa Kiha maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa yote. Mtoto alimeza. Akatapika kidogo, tukangoja, tukaanza tena. Nilichanganya maji mengine. Tulipokezana, mikono yangu, mikono yake, na kila alipomrudisha kwangu aliubinua ule mdomo akaangalia fizi, nami nilimwacha aangalie. Kuangalia hakutoboi.

Jambo lililokuwa linanitisha, ambalo sikumwambia, ni kwamba mtoto hakuwa amekojoa tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba jua likianza kushuka bado hajakojoa namrudisha hospitali, hata kama itanibidi nitambae.

Jua lilipofika kwenye mabati ya jirani, mkwe wangu akapiga kelele. Akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Kanga yake yote ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni.

"Amenikojolea!"

"Alhamdulillah!" nikasema. Nilikuwa nalia na kucheka.

"Unamshukuru Mungu kwa kanga yangu?"

"Kwa kanga yako, mkwe. Kwa kanga yako!"

"Na Magharibi inakuja, nitaswali na nini?"

Pazia likasogea, mkono wa mume wangu ukatokea na kanga mpya ya dukani, bado imekunjwa. Alikuwa amekaa kule nyuma muda wote.

Mtoto alilala. Alipoamka alikunywa tena bila kubembelezwa. Kesho yake alishika ubao akasimama, miguu inatetemeka, akaiuma suruali ya kitanda kwa nguvu zake zote. Mkwe wangu akamtazama, mikono kiunoni.

"Ng'ata," akamwambia. "Ng'ata, mume wangu. Kitambaa hicho hakina rangi."

Binti yangu alifika kutoka Kibondo akiwa mwekundu kwa vumbi hadi nyusi. Aliingia hata viatu hakuvua. Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu akamwahi.

"Mama yako ni mkaidi! Nimemletea mtu, akamfukuza mbele za watu."

"Mtu gani, mama?" binti akauliza, ingawa nadhani alishaelewa, kwa sababu alikuwa ameshamfungua mtoto kinywa na anatazama ndani. Alitazama fizi moja, akatazama ya pili. Zote zilikuwa nzima. Akakaa chini pale pale, mtoto kifuani.

"Na wewe, mama, ulifanya nini?" akamuuliza mkwe wake.

Mama yule mrefu alifikiri kidogo. "Mimi," akasema, "nilishika kijiko."

Sikumkosoa. Alikuwa amekishika kweli.

Machonge yalitoka baadaye, yote mawili, magumu, meupe, na mtu wa kwanza aliyeng'atwa nayo vizuri alikuwa mume wangu. Nilipeleka habari Kitanga. Mkwe wangu akaja kuyaona. Aliyagonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa.

"Plastiki imeyeyuka," akatamka. "Ulikwangua rangi, mimi nikamnywesha, iliyobaki ikatoka kwa mkojo. Nilijua toka aliponilowesha."

Na hilo ndilo alilokwenda kulihubiri kijijini kwake. Sikuamini niliposikia. Aliwaambia wanawake wa Kitanga kwamba mtoto mwenye meno ya plastiki achunguzwe anatafuna nini, kitu hicho kiondolewe au kikwanguliwe, apelekwe hospitali, kisha anyweshwe maji ya paketi kwa kijiko bila kuchoka mpaka akojoe, na hapo plastiki inakuwa imetoka. Alikuwa na sauti, walimsikiliza. Nimeambiwa wapo waliokwangua vikombe vya bati vya watu, vikaharibika.

Mwalimu mmoja wa chuo, mume wa mwanafunzi wangu, alinijia kwa nia njema. "Bibi," akasema, "mkwe wako anaeneza uongo. Wewe unasikilizwa. Nenda ukamrekebishe."

Nikamuuliza, "Huko Kitanga, kwenye nyumba zinazomfuata, mtoa meno anaitwa?"

"Sidhani."

"Basi mimi mguu wangu hauendi."

Alikasirika kidogo. Alisema elimu haijengwi hivyo. Yawezekana. Kila mama aliyekuja kwangu na kuniuliza nilimwambia ninavyojua: jino ni jino, fizi ikiwa nyeupe jino liko njiani, kuhara kunatibiwa kama kuhara, na kitanda cha mtoto kisipakwe kitu ambacho hungemlisha. Sikumficha mtu. Lakini kumpanda mkwe wangu juu ya kichwa mbele ya kijiji chake, nikamnyang'anya kijiko alichokishika kwa mikono yake, hilo nilikataa siku ile na ninalikataa leo. Wako watoto waliobaki na vinywa vyao kwa sababu ya uongo wake. Siku ya hesabu nitamsimamia.

Mimi sasa ni mzee, kutembea natembelea fimbo. Wapo bado wanaonong'ona habari za meno yale, wengine ni vijana wenye simu mkononi. Nami nasema kwa maandishi, kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali tena: aje na mkoba wa ngozi au aje na koti jeupe, aje na ukoo mzima nyuma yake, mtoto aliyeachiwa mikononi mwangu haguswi fizi kwa chuma. Chai atapewa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akulindie watoto wa nyumba yako na watoto wa jirani yako. Akupe moyo wa kukataa pale inapobidi ukatae, na ulimi wa kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Wagonjwa wako awape shifa, safari zako azifupishe, na mikono yako isichoke kabla ya kazi yako kwisha. Amina.